Chapa juu ya chapa: maswali yanayoulizwa sana kuhusu sarafu za shaba za Wagiriki wa kale

Anayeiona kwa mara ya kwanza husema imeharibika. Uso una mistari isiyoeleweka, herufi zimepandana, na kwenye shavu la mungu mke kuna kitu kama mkia wa samaki. Ya kwanza niliyoonyeshwa niliirudisha mezani bila kuiangalia mara ya pili. Kumbe zilikuwa sarafu mbili katika kipande kimoja cha shaba, na ile ya chini bado ilisomeka kwa mwenye subira. Haya ni maswali ninayoulizwa mara nyingi kuhusu sarafu za aina hiyo.

Ni sarafu gani hizi hasa?

Ni sarafu zilizotengenezwa kwa sarafu nyingine iliyokwisha kutumika, badala ya kipande kipya cha shaba. Zamani sarafu ilipigwa kwa mkono. Muhuri mmoja ulichomekwa kwenye fuawe, wa pili ukashikwa juu, katikati pakawekwa kipande cha shaba, nyundo ikashuka. Picha mbili zilitokea kwa pigo moja. Sasa badala ya kile kipande kitupu, weka sarafu ya mji mwingine au ya mtawala aliyepita. Pigo likiwa zito na shaba ikiwa imelainishwa vizuri kwa moto, picha ya zamani hufutika. Mara nyingi haikufutika yote. Ilibaki pua hapa, herufi mbili pale, au ukingo wa kofia ya vita unaopita katikati ya picha mpya.

Kwa wepesi nitaita picha ya zamani *chapa ya chini* na ile mpya *chapa ya juu*. Na ninaposema shaba nina maana ya shaba iliyochanganywa na bati, ndiyo bronzi, kwa sababu sarafu hizi nyingi ni za mchanganyiko huo.

Kwa nini hawakuziyeyusha tu na kuanza upya?

Kuyeyusha ni kazi na gharama. Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085 za Selsiasi, na ukiichanganya na bati kiasi cha kumi kwa mia inashuka hadi kama 1,000. Moto wa namna hiyo unataka mkaa mwingi, mivukuto na vyungu vinavyostahimili joto. Kisha kuna kalibu za kumiminia, kukata vipande, kulainisha kingo. Sarafu ya zamani ilikuwa imekwisha kupitia yote hayo. Ni ya duara, uzito wake unajulikana, unene unafaa. Ipashe moto, iweke kwenye fuawe, piga. Mji ulio vitani, wenye askari wanaodai mshahara, ulijua njia ipi ni ya haraka.

Lakini sababu ya ukosefu wa muda peke yake haitoshi. Kuna suala la faida, na hapo ndipo mambo yanaponoga.

Faida ilitoka wapi, kama chuma ni kilekile?

Sarafu ya madini ya fedha ilikuwa na thamani karibu sawa na fedha iliyomo ndani yake. Ukiwa na drakma, yaani sarafu ya fedha ya Wagiriki, ya mji wa mbali, mbadili fedha angeipima akakupa kitu. Sarafu ya shaba haikuwa hivyo. Iliishi kwa amri ya mji na imani ya watu sokoni. Thamani iliyotamkwa ilizidi thamani ya shaba yenyewe, na tofauti hiyo iliingia kwa aliyepiga chapa. Toka nje ya mipaka ya mji huo, ukabaki na kipande cha chuma tu.

Tuna maandishi ya mawe yanayothibitisha. Huko Gortyn, kisiwani Crete, sheria ya karne ya 3 KK inawaagiza watu watumie sarafu za shaba za mji na wasipokee tena oboli, sarafu ndogo za fedha. Anayekiuka alipe stateri 5, sarafu kubwa za fedha. Sheria ya namna hiyo haiandikwi kama watu wanaipokea shaba kwa furaha. Na huko Sestos, kwenye mlango wa bahari wa Hellespont, jiwe la karne ya 2 KK linalomsifu raia mmoja aitwaye Menas linataja sababu mbili za mji kupiga sarafu yake ya shaba: chapa ya mji iendelee kutumika, na faida inayotokana nayo iwaendee wananchi. Imesemwa wazi kabisa. Mimi sijui andiko lingine la kale linalosema jambo hili kwa maneno machache hivyo.

Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye chapa juu ya chapa. Polyainos, mwandishi wa karne ya 2 BK, anasimulia kisa cha Leukon, mtawala wa Bosporos kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Leukon alipungukiwa. Akatangaza kwamba anataka kubadilisha sarafu, kila mtu alete alizonazo zipigwe chapa mpya. Watu wakaleta. Akazipiga chapa na kuipa kila moja thamani mara mbili ya ile ya mwanzo. Nusu akawarudishia wenyewe, nusu akabaki nayo, na kwa hesabu hakuna raia aliyepoteza. Dionysios, mtawala wa Syracuse kisiwani Sisilia, naye anasimuliwa kisa kinachofanana: alikopa kwa raia, walipodai akawaamuru walete fedha zao, akazipiga chapa ili drakma moja ihesabike mbili, akawalipa deni kwa hizohizo.

Visa hivi viliandikwa kama hadithi za ujanja wa wakubwa, kwa hiyo usizichukulie tarakimu zake kama hesabu za benki. Ila utaratibu wenyewe ni wa kweli: kusanya, piga, rudisha pungufu.

Ni wapi jambo hili lilifanyika sana?

Sehemu nyingi, kuanzia Ugiriki ya kati hadi mipaka ya India. Lakini ukitaka kulielewa vizuri nenda Sisilia, katikati ya karne ya 4 KK.

Dionysios wa Kwanza alitawala Syracuse kwa mkono wa chuma kuanzia 405 hadi 367 KK. Sarafu kubwa za shaba za Syracuse zinazohusishwa na utawala wake zina uzito wa karibu gramu 30, nzito kiganjani. Mbele kuna kichwa cha mungu mke Athena amevaa kofia ya vita ya Kikorintho. Nyuma kuna pomboo wawili, na katikati yao kiumbe cha bahari chenye mikono, ambacho watu wa pwani tunakiita kiti cha pweza. Zilisambaa kisiwa kizima, mifukoni mwa askari wa kukodiwa waliopewa kulinda miji ya bara.

Mwaka 344 KK akafika jemadari Timoleon kutoka Corinth, mji wa Ugiriki, na jeshi dogo, akaanza kuwaondoa madikteta mmoja baada ya mwingine. Karibu na Adranon, mji ulio chini ya mlima Etna, alimshinda dikteta Hiketas. Kentoripai, mji wa kilimani upande wa pili wa bonde, ulikuwa chini ya dikteta aitwaye Nikodemos, naye akafukuzwa. Miji hii na mingine kama Herbessos ikatoa sarafu zake, na mara nyingi ilizipiga juu ya zile sarafu nzito za Athena.

Ya Kentoripai ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mbele kuna kichwa cha mungu mke Persephone, nywele zimefungwa kwa masuke, na pomboo wanne wamemzunguka. Picha hiyo imefuata mtindo wa sarafu nzuri za fedha za Syracuse. Nyuma kuna chui aliyegeuza kichwa, na jina la watu wa Kentoripai kwa herufi za Kigiriki. Sasa angalia kwa makini. Pomboo wanne ni wa chapa ya juu, wamepangwa kuuzunguka uso. Ukihesabu na kumpata wa tano, mkubwa zaidi, amelala vibaya chini ya tumbo la chui, huyo ni wa Syracuse. Wakati mwingine utaona pia mikono ya kiti cha pweza ikitokeza mgongoni mwa chui kama miale. Wengi huchanganya pomboo wa juu na wa chini, na hilo huharibu usomaji wote. Hesabu kwanza.

Je, walifanya hivyo ili kufuta jina la dikteta? Huenda hisia hiyo ilikuwepo. Mji uliotoka kwenye utawala wa mabavu unaandika jina lake juu ya Athena wa Syracuse, na kila mnunuzi sokoni anaona. Lakini mimi naona sababu ya kawaida ilikuwa na uzito uleule: shaba ilikuwa pale tayari, imejaa mifukoni, na mji mdogo wa kilimani haukuwa na karakana ya kumimina vipande vya gramu 30.

Ni kweli zinasaidia kujua tarehe?

Ndiyo, na hii ndiyo sababu kubwa ya wataalamu kuzipenda. Sarafu nyingi za kale hazina mwaka. Lakini chapa ya juu haiwezi kutangulia ya chini. Hiyo ni hakika ambayo haihitaji mwanahistoria wa kale kuithibitisha.

Zile sarafu za Athena na pomboo, kwa mfano, kwa muda mrefu watu walizihesabu kuwa za Timoleon mwenyewe, kwa kuwa kofia ya Kikorintho ilionekana kuelekeza Corinth alikotoka. Lakini kama miji aliyoikomboa ilikuwa inazipiga chapa juu yake, tena baadhi zikiwa zimekwisha kulika kwa matumizi, basi lazima zilikuwa mitaani kabla yake. Ndiyo maana leo zinapelekwa nyuma hadi enzi za Dionysios.

Mfano mwingine uko kisiwani humohumo, miaka zaidi ya mia baadaye. Mfalme Hieron wa Pili wa Syracuse alitoa kwa wingi sarafu za shaba zenye kichwa cha Poseidon, mungu wa bahari, mbele na mkuki wa meno matatu nyuma. Alifariki 215 KK, mji wake ukageuka upande wa Carthage, adui wa Roma, na Warumi wakauteka mwaka 212 KK. Katika vita hivyohivyo, vya Roma na Hannibal, jemadari wa Carthage, Warumi waliokuwa Sisilia walipiga sarafu ndogo zenye alama ya suke la ngano, na nyingi zimepigwa juu ya zile za Hieron. Mbele kuna kichwa cha mungu Mercury, nyuma omo ya meli na neno ROMA. Igeuze taratibu chini ya taa, na meno matatu ya mkuki wa Poseidon yatachomoza chini ya omo ile.

Tahadhari moja. Chapa ya juu inakuambia nini kilitangulia, haikuambii kwa muda gani. Angalia hali ya chapa ya chini: kama ilikuwa bado kali, huenda muda haukuwa mrefu. Kama ilikuwa imelika, ilikuwa imezunguka mikononi mwa wengi.

Nimesikia zinatumika hata kupanga wafalme. Vipi?

Baada ya Alexander Mkuu, wafalme wa Kigiriki walitawala Bactria, eneo la Afghanistan ya leo, na kaskazini magharibi mwa India. Zaidi ya 30 kati yao tunawajua karibu kwa sarafu tu, hakuna aliyetuandikia orodha. Shaba zao nyingi ni za mraba, na zina maandishi ya Kigiriki upande mmoja na ya Kharoshthi, mwandiko wa India, upande wa pili. Zipo sarafu za Heliokles wa Pili zilizopigwa juu ya zile za malkia Agathokleia na Strato wa Kwanza. Basi Heliokles huyu anakaa baada yao. Unganisha jozi kama hizo, moja na nyingine, na mnyororo wa wafalme unaanza kupangika.

Kuna jambo linalonigusa hapa. Kitabu cha safari kiitwacho *Periplus*, kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 BK, ndicho kinachotueleza kuhusu Azania na bandari ya Rhapta kwenye pwani yetu. Kitabu hichohicho kinasema kwamba Barygaza, bandari ya India, bado zilikuwa zinatumika drakma za zamani zenye chapa za Apollodotos na Menander, wafalme wawili wa kundi hili. Msafiri mmoja, bahari moja.

Nitaitambuaje chapa ya chini?

Anza na mwanga. Taa ya juu inaficha kila kitu. Weka taa ya mezani pembeni, iwe chini kabisa, mwanga upite juu ya sarafu kama jua la saa kumi na mbili jioni. Zima taa nyingine. Kisha zungusha sarafu, usizungushe taa.

Unatafuta kitu kisichokuwa na kazi katika picha mpya: mstari uliopinda usiofuata uso wala mnyama, herufi zinazosomeka kwa mwelekeo tofauti, vitone vya duara vinavyokatiza ndani badala ya kufuata ukingo. Watu hutazama uwanja bapa peke yake wakasahau sehemu zilizoinuka. Mara nyingi ni kinyume. Uwanja ndiko muhuri ulikobana zaidi, kwa hiyo ndiko picha ya zamani iliposagwa. Kwenye shavu, nywele na bega, ambako muhuri ulikuwa na shimo, chuma hakikubanwa sawasawa, na mabaki huweza kuishi humo. Kingo nazo, kama pigo lilienda upande.

Kumbuka pia kwamba mpigaji hakujali sarafu ya zamani imelala vipi. Mbele ya zamani inaweza kuwa chini ya nyuma mpya, tena kichwa chini. Jioni moja nilikuwa na picha ya sarafu ya Adranon, yenye mungu Apollo mbele na kinubi nyuma. Kando ya kinubi kulikuwa na mstari uliopinda nilioudhania ufa. Nilipoigeuza simu robo mzunguko, ule ufa ukawa mgongo wa pomboo, na alipopinda pakawa na pezi. Baada ya hapo sikuweza tena kutoliona.

Ukishashuku, tafuta picha safi ya sarafu unayodhani iko chini, ilinganishe kwa ukubwa uleule, na ichore kwa penseli juu ya karatasi angavu. Pointi mbili zinazolingana ni bahati, tano ni ushahidi.

Je, haiwezi kuwa tu imepigwa mara mbili kwa makosa?

Inaweza. Kama muhuri uliruka na mpigaji akapiga tena, utaona picha ileile imejirudia, imesogea kidogo: pua mbili, herufi zenye kivuli. Hapo hakuna sarafu ya pili. Picha zikiwa tofauti ndipo uzungumzie chapa ya chini.

Na usichanganye na alama ndogo ya kugongewa. Miji mingi iligonga muhuri mdogo juu ya sarafu ili kuikubali itumike, bila kugusa sehemu iliyobaki. Wareno wa Msumbiji walifanya hivyo karne ya 19 walipogonga herufi PM kwenye reale za Maria Theresa, sarafu kubwa za fedha za Austria.

Sarafu za fedha nazo zilipigwa hivi?

Ndiyo. Crete inajulikana sana kwa stateri zilizopigwa juu ya zile za Cyrene, mji wa Kigiriki ulioko Libya ya leo.

Kila mara ilikuwa siasa au dharura?

Hapana. Kwa sarafu moja moja jibu la uvivu linatosha: sarafu ya kigeni iliingia kwenye rundo la vipande ikapigwa na nyingine. Ninachoangalia ni wingi. Toleo lote likiwa limepigwa juu ya aina moja, kuna uamuzi wa mtu nyuma yake. Mfano ulio wazi kuliko wote uko nje kidogo ya mada yetu: waasi wa Kiyahudi walioongozwa na Bar Kokhba dhidi ya Roma, kati ya 132 na 135 BK, walipiga sarafu zao zote juu ya sarafu za Kirumi na za miji iliyokuwa chini ya Roma, na shaba zao nyingi zilikuwa za Gaza na Ashkelon. Hekalu, mizabibu na maandishi ya Kiebrania juu ya uso wa mfalme wa Roma. Hapo hakuna haja ya kukisia walitaka kusema nini.

Niisafishe ili nione vizuri?

Usithubutu. Ile ngozi ya kijani au kahawia iliyofunika shaba ndiyo inayobeba mabaki membamba ya chapa ya chini. Siki, limau, dawa ya meno, brashi ya waya, vyote vinaiondoa, na pamoja nayo ushahidi. Mwanga wa pembeni utakuonyesha zaidi ya siki yoyote.

Ina thamani zaidi au pungufu?

Inategemea mnunuzi. Anayetaka picha safi ya kuweka kwenye fremu ataikwepa. Anayeijua hutafuta hasa ile ambayo chapa zote mbili zinasomeka. Jambo la kuuliza kabla ya bei ni imetoka wapi. Italia, Ugiriki na Uturuki zinahesabu vitu vya kale vinavyochimbuliwa kuwa mali ya taifa, na kuvisafirisha bila kibali ni kosa. Tena sarafu iliyong'olewa ardhini na mwizi imepoteza nusu ya habari yake, kwa sababu hatujui ilizikwa na nini.

Sina sarafu wala uwezo wa kununua. Nianzie wapi?

Kwenye picha za makumbusho, ambazo ni bure. British Museum na maktaba ya taifa ya Ufaransa zimeweka maelfu mtandaoni. Tafuta za Kentoripai zenye chui. Kuza picha, igeuze pole pole pande zote, na angalia mgongo wake mpaka uione mikono ya kiti cha pweza.